Panya Wenye Mikia ya Kijani

Kwa maelezo ya fundi magodoro, wezi walikuwa watatu, wote warefu, wote wamefunika nyuso, na walitoka mlango wa nyuma wa maabara Jumapili mchana kweupe wamebeba ndoo ya mabongo ya watu. Ndoo ilikuwa inachuruzika. Mmoja wao alimgeukia fundi akamkazia macho, na tangu hapo miguu ya fundi ikafa ganzi, sauti ikamkauka, akabaki amekaa juu ya pamba yake kama mzigo mpaka wakapotelea kwenye kona.

Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akafunika kalamu yake.

"Mzee, ni mabongo ya watu au ni panya?"

"Panya gani tena?"

"Walioibiwa ni panya."

Fundi magodoro alionekana kuvunjika moyo. "Panya tu?"

"Panya tu."

"Sasa kilichokuwa kinachuruzika ni nini?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza wewe."

Fundi akajikuna shingo. Ua wake ulipakana na ukuta wa nyuma wa maabara, na pamba ilikuwa imemganda mpaka kwenye nyusi. Kila Inspekta alipomrudisha nyuma, hadithi ilizidi kusinyaa. Wezi watatu wakawa wawili. Wawili wakawa "mmoja, lakini mkubwa." Ndoo ikawa mzigo uliofunikwa shuka. Kuchuruzika kukawa "labda maji."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Afande, mtu amebeba vitu mpaka usoni, nitajuaje? Alinipiga kikumbo hapa, pamba ikamwagika."

"Halafu?"

"Halafu akasema samahani."

"Mwizi alisema samahani?"

"Na pamba akaokota. Kidogo. Ile iliyokuwa karibu."

Inspekta alimgeukia koplo wake. Koplo alikuwa anabonyezabonyeza godoro moja kama mtu anayetaka kununua.

"Na ile miguu iliyokufa ganzi?"

"Hiyo hufa hata siku nyingine," fundi alikubali.

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Inspekta, hayo mabongo umeyapata?"

"Afande, ni panya."

"Mji mzima unasema mabongo."

"Mji mzima haujaingia maabara, afande."

"Usinijibu hivyo. Nataka nisikie limekwisha." Simu ikakatwa.

Inspekta akaitazama simu kama vile ndiyo iliyomkosea.

*

Maabara ilikuwa nyuma ya hospitali, jengo la chini lenye sakafu ya vigae na madirisha ya nyavu. Daktari mkuu aliwapokea mlangoni. Alikuwa mtu mwembamba, koti lake jeupe limefungwa vifungo upandeupande, na alikuwa ameanza kuongea kabla hawajafika.

"Wamechukua wa kijani tu! Wale wenye maana!"

"Pole pole, Daktari. Wa kijani ndio nani?"

Daktari akawapeleka kwenye vizimba. Panya wake walikuwa makundi matatu, akaeleza, na kila kundi lilipakwa rangi mkiani. Weupe walikuwa wazima. Wekundu waliharibiwa sehemu ndogo sana ya ubongo, ile inayomsaidia panya kujifunza njia. Ukimweka mwekundu kwenye sanduku la vichochoro, atazunguka kutafuta chakula kana kwamba hajawahi kuingia humo, hata kama jana alikipata. Wa kijani waliharibiwa vilevile, lakini baadaye wakapandikizwa tishu changa ya ubongo iliyotolewa kwa panya ambao hawajazaliwa.

"Na baada ya wiki kadhaa wakaanza kujifunza tena," Daktari alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Wanakwenda moja kwa moja kwenye chakula. Uwezo uliokufa umerudi, Inspekta! Unaelewa maana yake?"

"Naelewa kwamba wameibiwa. Funguo anazo nani?"

Funguo zilikuwa kwa Daktari, kwa mlinzi, na kwa fundi wa maabara. Kitasa hakikuvunjwa. Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa amepiga magoti mbele ya vizimba, na kila alipopuliza unga wake alipiga chafya, unga ukapeperuka, akaanza upya.

"Umepata nini?"

"Alama za wafanyakazi, afande. Za wafanyakazi, na za wafanyakazi." Akapiga chafya. "Na hii nafikiri ni yangu."

"Afande," koplo akaita kutoka pembeni. "Mfuko wa chakula haupo. Na chupa za maji, zile za kuning'iniza, zimeng'olewa."

Basi ndizo zilizochuruzika. Inspekta akasimama akafikiri. Mwizi aliyebeba panya, chakula chao na maji yao hakuwa na nia ya kuwaua. Tena alikuwa na adabu ya kuokota pamba ya watu.

"Nani angefaidika, Daktari?"

"Mpinzani wangu. Yule wa hospitali ya upande wa pili. Alhamisi wakaguzi wanakuja na sanduku lao jipya, wawaone panya wakijifunza njia mbele ya macho yao. Wakiridhika tunapewa kibali cha kumpandikiza binadamu wa kwanza. Anataka kunikwamisha!"

"Na huyo binadamu wa kwanza ni nani?"

Daktari alielekeza kidevu kwenye sinki. Pale alisimama mwanamke wa makamo, mikono imezama kwenye maji ya sabuni, anasugua vyombo. Alikuwa ndiye fundi wa maabara, anayewalisha panya na kuwakimbiza kwenye sanduku. Hospitali nzima ilimwita Dada wa Panya.

"Kaka yake huyu," Daktari alisema.

Inspekta akamsogelea. "Kaka yako amepatwa na nini, dada?"

"Alianguka juu ya paa akifunga antena." Hakuinua macho. "Ni fundi redio. Ya zamani anakumbuka yote. Jambo jipya ndilo halikai."

"Jambo jipya kama nini?"

"Kama njia ya nyumbani. Tulihama baada ya yeye kuumia. Mpaka leo hajaijua."

"Na Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, naye."

"Mwache," Daktari alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna anayetaka operesheni hii kuliko yeye. Kila siku ananiuliza lini."

Inspekta akaona ni kweli. Mtu haibi tumaini la kaka yake mwenyewe. Akamtoa kwenye hesabu, akamgeukia mlinzi.

*

"Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Getini, afande."

"Geti lipi?"

"La mbele."

"Mwizi alipita la nyuma."

"Ndiyo maana sikumwona."

"La nyuma analinda nani?"

"Lile hufungwa."

"Lilifunguliwa."

"Basi hapo aulizwe mwenye ufunguo."

"Wewe ni mwenye ufunguo!"

Mlinzi akatazama kifuani, kwenye bunda la funguo lililoning'inia shingoni. "Huu wa nyuma umekwama. Tangu kitasa kibadilishwe haugeuki. Nilishasema, hakuna anayenisikiliza." Akaenda akaujaribu mbele yao. Kweli, haukugeuka. Koplo akajaribu, akaumia kidole.

Inspekta alihisi kichwa kinaanza kumgonga upande mmoja.

Daktari wa upande wa pili, yule mpinzani, aliwapokea ofisini kwake miwani ikiwa juu ya paji la uso. Aliposikia wamefuata nini alicheka mpaka kiti kikalia.

"Mimi nimwibie panya? Afande, mimi ndiye niliyewaomba wakaguzi waje na sanduku jipya! Nimesubiri Alhamisi kama watoto wanavyosubiri likizo. Mtu akate tiketi ya mechi, halafu yeye mwenyewe aende akaibe mpira?"

"Kwa nini uliwaomba?"

"Kwa sababu siamini. Wale panya hawajawahi kukimbia mahali pengine zaidi ya sanduku lile moja. Nilitaka niwaone kwenye njia ngeni."

"Na sasa hawapo. Kwa hiyo operesheni imekwama."

"Nani kakwambia?" Kicheko kikakatika. Akashusha miwani machoni. "Wakaguzi wamenipigia leo. Wamemwonea huruma. Maadamu ameibiwa, wataamua kwa matokeo yaliyokwisha kuandikwa. Na kwa matokeo yale huyo fundi redio atapasuliwa kichwa wiki ijayo."

"Wizi haujazuia kitu?"

"Umesafisha njia, afande."

Waliingia ndani ya gari. Koplo aliwasha injini, akaizima, akaiwasha tena.

"Tunakwenda wapi, afande?"

"Siku nzima tumeuliza nani alitaka kuzuia operesheni. Mjinga mimi! Mwizi hakutaka kuzuia. Alitaka panya wasionekane."

"Basi ni Daktari mwenyewe."

Inspekta alipiga simu chumba cha upasuaji. Muuguzi mkuu akajibu kwa hasira kwamba Jumapili Daktari alishinda nao humo, hakuwapa nafasi hata ya kunywa maji, na kama polisi wanataka kumkamata, waje tu.

Inspekta akarudisha simu mfukoni. Aliyebaki ni mtu mmoja, na huyo Inspekta mwenyewe alikuwa amemtoa kwenye hesabu.

*

Walirudi maabara jioni. Daktari alikuwa kwenye kikao na Dada wa Panya alikuwa ameshaondoka. Mlinzi aliwafungulia akabaki nje, maana aliwachukia panya.

"Huku kunanuka kama choo cha stendi," koplo alisema.

Kweli palinuka. Vyumba vingine vyote vilikuwa na harufu kali ya spiriti, lakini sanduku la vichochoro lilinuka mkojo. Ukutani juu yake palibandikwa maandishi makubwa: FUTA KWA SPIRITI KABLA YA KILA PANYA. Chini ya meza kulikuwa na dumu la spiriti. Inspekta akalivuta. Utepe wa kiwandani ulikuwa bado umezunguka kifuniko, na juu yake vumbi.

"Wamekimbiza panya miezi yote hii," Inspekta alisema, "na dumu halijafunguliwa. Kwa nini panya afutiwe njia, koplo? Usafi tu?"

Koplo akakunja pua. "Nilipokuwa kikosi cha mbwa, afande, hatukuwahi kupitisha mbwa wawili njia moja. Wa pili hatafuti. Anamfuata mwenzake kwa pua, halafu wewe unadhani ana akili."

Inspekta akaliweka dumu chini.

"Siku nzima unabonyeza magodoro, kumbe una maneno kama haya tumboni?"

"Hukuniuliza, afande."

Wakavua makoti. Koplo alitoa biskuti mfukoni, akaweka kipande mwisho wa sanduku, pale palipokuwa na kibakuli cha chakula. Inspekta akamkamata panya mweupe shingoni, akang'atwa, akatukana, akamtumbukiza. Mweupe akakata kona zake bila kusita akafika kwenye biskuti. Wakapitisha mweupe wa pili, na wa tatu. Halafu Inspekta akamchukua mwekundu, yule ambaye kwa maelezo ya Daktari hawezi kujifunza kitu.

Mwekundu alishusha pua chini. Akanusa, akakata kona, akanusa, akakata nyingine. Alifika kwenye biskuti kama mzawa wa humo.

"Lete dumu," Inspekta alisema.

Walifuta sanduku lote, kona kwa kona, mpaka koplo akaanza kutokwa machozi. Walipomweka tena yuleyule mwekundu alisimama katikati. Akaenda kushoto, akarudi. Akaenda kulia, akarudi palepale. Alizunguka mpaka Inspekta akashindwa kumtazama, akamtoa kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo wale wa kijani hawakupona," koplo alisema.

"Na anayejua ni yule aliyekuwa hafuti."

*

Anwani waliyopewa na ofisi ya hospitali iliwapeleka kwenye nyumba yenye mlango wa bluu. Mlangoni alisimama mwanamume aliyevaa shati safi lililopigwa pasi, bisibisi mfukoni, anajaribu kuingiza ufunguo kwenye kitasa. Ufunguo ulikuwa hauingii.

"Karibuni," aliwaambia. "Samahani, kuna mtu amebadilisha kitasa changu."

Mlango ukafunguliwa kwa ndani. Mama mwenye nyumba alitoka na mwiko mkononi.

"Huyu tena! Kaka yangu, mlihama! Mlihama siku nyingi!"

"Nani alihama?"

"Wewe na mdogo wako!"

"Mbona hakuniambia?"

Mama akafumba macho akavuta pumzi, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maji akampa. Ilionekana ndiyo kazi yake ya kila siku. "Afande, huyu mtu nimemchoka na siwezi kumfukuza. Redio yangu ya zamani aliitengeneza palepale nilipokuwa karibu kuitupa. Hii mpya nimemwonyesha kitufe cha kuwashia mpaka nikalia. Mpelekeni. Wanakaa nyuma ya kiwanda cha mikate."

Njiani koplo alimshika mkono. Fundi redio aliwauliza kama ni wateja. Inspekta akasema hapana, ni polisi. Wakapita soko la mitumba, fundi redio akauliza tena, kwa heshima ileile, kama wao ni wateja. Alipouliza mara nyingine, Inspekta alijibu ndiyo.

"Redio ina tatizo gani?"

"Inakoroma."

"Hiyo ni spika. Ndogo tu hiyo." Akafurahi mpaka wakafika.

Dada wa Panya alifungua mlango. Alimwona kaka yake kwanza, halafu akawaona walio nyuma yake.

"Mlimkuta kule?"

"Kule."

"Nilikuwa nachukua mkate tu. Nilipogeuka, hayupo." Alisogea pembeni wakapita.

Chumba kilikuwa kimejaa redio mpaka darini, nyingi maganda matupu yaliyotolewa vyuma. Inspekta alitafuta pa kukaa. Kabla hajafungua mdomo, fundi redio aliinama mbele ya moja akaruka nyuma.

"Mdogo wangu! Kuna panya kwenye redio!"

"Najua, kaka."

"Kuna panya! Ana mkia wa kijani!"

"Najua, kaka. Ni wangu. Keti." Akamkalisha kwenye kigoda, akamwekea kipande cha mkate mkononi. Halafu akamgeukia Inspekta, uso umechoka kama kitambaa kilichokamuliwa. "Ananishtua hivyo tangu Jumapili. Kila akiingia."

Panya walikuwa kila mahali, nyuma ya nyavu za spika, kila mmoja na chupa yake ya maji.

Inspekta alimwambia koplo atoke na fundi redio wakakae uani. Akatoa karatasi za maelezo.

"Una haki ya kunyamaza. Utakachosema nitakiandika, na kinaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Uliwachukua wewe?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Nani angenisaidia? Nilibeba mara mbili. Mzee wa magodoro alinitazama usoni kabisa, hakunijua."

"Spiriti hukuifungua kwa nini?"

Alikaa. "Inanibana kifua. Nikikaa nayo hata saa moja, usiku silali. Nikawa nafuta kwa kitambaa kikavu. Nikasema, panya wadogo hawa, itadhuru nini? Wekundu nilianza nao asubuhi, maana wanachelewesha. Wazima wanafuata. Wa kijani nikawaweka mwisho ili wapumzike, walikuwa na mishono. Sikupanga kitu, afande. Nakuapia."

"Wakawa wanafuata harufu mbichi ya wazima."

"Mimi sikujua. Siku ya kwanza walipokwenda moja kwa moja, nilipiga kelele mpaka Daktari akatoka mbio. Akanikumbatia. Mtu mkubwa vile. Akasema, mlete kaka yako."

"Lini ulijua?"

"Aliposema wakaguzi wana sanduku jipya. Nikataka niwazoeshe wasije wakaniaibisha. Nikajenga vichochoro vya maboksi stoo. Nikawaweka humo, siku baada ya siku." Sauti yake ikawa ndogo. "Walizunguka kama wekundu."

"Wote?"

"Isipokuwa mmoja. Yule pale, mwenye sikio lililokatika. Huyo alijifunza. Nilimbadilishia njia, akajifunza na hiyo. Ndani ya boksi ambalo hajapita panya yeyote. Kwa macho yangu."

"Mmoja anaweza kubahatisha."

"Na mimi kaka ninaye mmoja."

Inspekta aliweka kalamu chini. Hasira aliyokuwa nayo tangu asubuhi ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na pa kwenda. "Dada, watampasua kichwa. Unajua kwamba haifanyi kazi, na bado unataka wampasue?"

"Sijui kwamba haifanyi kazi! Najua haikufanya kwa wale. Kwa huyu ilifanya." Akapangusa uso kwa kiganja. "Ungekaa naye wiki moja, afande. Asubuhi namwonyesha choo kilipo. Mchana namwonyesha. Amekuwa mtu mzima anayenisubiri nimshike mkono kama mtoto, na yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Hulia akiijua hali yake. Halafu anasahau kwamba alilia, na hiyo ndiyo nafuu yake. Mimi sisahau. Wakiambiwa ukweli, kibali hakuna. Wataanza upya na panya wengine, miaka. Yeye atakuwa mlangoni kwa yule mama mpaka afe."

"Anaweza kufa mezani."

"Nilimwuliza."

"Akasema?"

"Alikubali. Nilimwuliza tena kesho yake, maana hakumbuki. Akakubali. Kila nikimwuliza anakubali, kama mara ya kwanza."

Uani, fundi redio alikuwa anamweleza koplo habari za spika. Koplo aliitikia kila neno.

Inspekta akachukua kalamu. Aliandika kwamba mtuhumiwa amekiri kuchukua panya. Aliandika siku, mlango, ufunguo, shuka. Alipofika kwenye sababu, simu yake ikalia. Mkuu wa kituo.

"Umefikia wapi?"

"Wamepatikana, afande. Mwizi amekiri."

"Safi! Andika fupi, funga jalada. Daktari ananisumbua hapa, wakaguzi wameshakubali, anataka panya wake tu. Mambo mengine siyataki."

Simu ikakatwa. Dada wa Panya alikuwa amesikia yote, maana mkuu hakuzoea kuongea kwa sauti ndogo. Akausogeza mkono wake juu ya meza, akauweka ukingoni mwa karatasi, chini kidogo ya mstari wa mwisho.

"Andika mimi ni mwizi," alisema. "Andika niliwapenda wale wanyama, au nimerukwa na akili, chochote. Kifungo nitakwenda, shangazi yetu atakaa naye. Ila kwa nini, usiandike."

"Na mgonjwa atakayefuata baada ya kaka yako? Naye ana dada."

"Akishapasuliwa kaka, nitakwambia nikiwa palepale gerezani, uandike kila kitu. Nitatia sahihi." Akabonyeza kidole kwenye nafasi ile tupu. "Wiki moja tu, afande. Iache hiyo nafasi wazi wiki moja. Naomba."

Inspekta alitazama nafasi iliyobaki kwenye karatasi. Nyuma ya wavu wa spika, panya mwenye sikio lililokatika alikuwa anakunywa maji. Wino ulikuwa umeanza kukauka kwenye ncha ya kalamu, na Inspekta hakuinua wala hakushusha mkono.

"Afande," alisema yule dada. "Naomba."